Kodi ya Wiki Saba

Shilingi laki tatu, themanini na sita elfu na mia nne. Hiyo ndiyo bei niliyolipa kwa kutoka kazini wiki saba kabla ya kufika miaka sitini. Nimeigawa kwa saba, nikarudia kuigawa nikidhani nimekosea: kila wiki imenila elfu hamsini na tano na mia mbili. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kulipwa hata robo ya hiyo kwa wiki. Kumbe kukaa nyumbani ndiko kulikuwa na bei ya juu.

Ninyi mliobaki kiwandani mliniomba niwaandikie jinsi kazi ya kununua vipuri ilivyokuwa, ili atakayekalia kiti changu asianzie sifuri. Nilikubali, nikaahidi kuandika kwa upole. Ahadi hiyo niliitoa Desemba iliyopita, kabla penseni yangu haijaingia benki. Upole uliisha siku ilipoingia. Someni tu hivyo hivyo.

Niliingia kiwandani kwa lango la nyuma, lile linalotazama Mukuru kwa Reuben, nikiwa msichana wa kufagia. Kazi yangu ilikuwa chini ya mashine za kuchambulia manyoya, zile zinazokwaruza blanketi mpaka liote nywele. Manyoya yaliingia masikioni, puani, ndani ya chai. Jioni nikifika nyumbani, mtaa wa Huruma, watoto wa ploti niliyopanga walikuwa wakiniuliza kama nimezeeka tangu asubuhi.

Aliyenitoa kwenye ufagio alikuwa Mzee Kariuki, mnunuzi wa vipuri wa wakati huo. Alinikuta langoni nikibishana na mama wa chai juu ya mandazi. Mandazi ile ilikuwa na shimo kubwa katikati, nami nilidai nipunguziwe bei ya shimo.

"Shimo liko kwa mandazi zote," mama wa chai alisema.

"Basi nipunguzie zote."

Mzee Kariuki hakucheka. Aliniita stoo, akaniwekea sanduku la beringi mbele yangu, zile duara za chuma zinazofanya ekseli izunguke bila kulia. Akaniambia nihesabu. Nikahesabu, nikarudia, nikamwambia ni arobaini na saba.

"Nimelipia hamsini," akasema. "Kwa nini umehesabu mara mbili?"

"Ya kwanza ni ya kujua ziko ngapi. Ya pili ni ya kugombana."

Wiki iliyofuata nilipewa koti la buluu na kiti stoo. Mzee yule alinifundisha kazi kwa miaka, na sehemu kubwa ya mafunzo yake ilikuwa kukaa kimya. Tulikuwa tukitembea barabara ya Kirinyaga duka kwa duka, yeye na kiondo chake, mimi na tochi na kalipa ya kupimia vyuma. Tochi ni ya kumulika ndani ya beringi, uone kama imepakwa grisi kuficha kutu. Kalipa ni kwa sababu muuzaji akikwambia ni milimita sitini, anamaanisha karibu na sitini. Pesa zilikaa chini ya kiondo, chini ya sukumawiki. Muuzaji hakuruhusiwa kujua tumebeba ngapi wala tunahitaji kitu kwa haraka kiasi gani. "Ukimwambia shida yako," Mzee Kariuki alikuwa akisema, "ataiandika kwenye bei."

Nitawapa kesi moja tu, kwa kuwa bado mnaitaja. Shule za bweni zilikuwa karibu kufunguliwa, mablanketi yameagizwa, na mashine kubwa ikavunja beringi ya ukubwa usiopatikana. Mzee Kariuki alikuwa amekwisha kustaafu. Nilikuwa peke yangu. Duka moja tu lilikuwa nayo, na mwenye duka alikuwa amesikia habari za kiwanda chetu kabla sijafika. Alitaja bei ya kununua ng'ombe.

Nikamwambia naitafutia jirani yangu, ana posho mill ya kusagia mahindi, hana haraka. Nikaomba kreti tupu ya soda, nikaikalia.

"Mama, hapa si stendi," akasema baada ya muda.

"Najua. Stendi kuna kelele."

"Si uende utafute kwingine."

"Kwingine hawana kreti."

Wateja waliingia, wakaniona nimekaa na kalipa mkononi, wakaanza kuniuliza kama vitu vya hapo ni vya kweli. Nikawa nawajibu. Nikampimia mmoja beringi yake, tukakuta imepungua milimita moja. Mwenye duka alikuja akanong'ona, "Mama, toa pesa uende." Aliondoa theluthi nzima ya bei. Nilipofika kiwandani meneja aliniuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia nilikuwa nikipumzika.

Kisha kiwanda kiliuzwa. Wengi wenu hamkuwepo. Mwenye kiwanda wa kwanza alichoka, akaja mwingine, lango likapakwa rangi ya kijani na kampuni ikapewa jina jipya. Mashine zilikuwa zile zile, choo kilikuwa kile kile, na hakikutengenezwa. Sisi tuliambiwa tusaini barua mpya za kazi. Mfuko wa zamani wa akiba ya uzeeni ukavunjwa, kila mtu akapewa chake, nami nikanunua mabati ya nyumba ya mama yangu huko Siaya. Tukaandikishwa kwenye mfuko mpya. Hakuna aliyetuambia kwamba miaka yetu nayo ilikuwa imevunjwa.

Mfuko wenyewe mnaujua kwa sababu mnaona unavyowakata kila mwezi. Unakatwa kidogo, kampuni inaongeza kidogo, na serikali haitozi kodi kwa kile unachoweka, kwa makubaliano kwamba hutakigusa mpaka uzeeni. Ni makubaliano mazuri. Mimi mwenyewe ningeyakubali hata kwenye kreti. Ila kila makubaliano yana mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mimi nilipitishwa dirishani.

Sasa nifike kwenye mizani.

Wageni husimuliwa wasiamini. Kila Desemba, kabla ya kufunga, tunasafisha mashine, tunachinja mbuzi nyuma ya boila, na wanaostaafu wanapimwa kwenye mizani ya marobota. Unakalishwa juu ya robota la uzi, kilo zako zinaandikwa kwa chaki ukutani, kisha wenzako wanakupigia mnada. Ndiyo maana karibu hakuna anayengoja siku yake ya kuzaliwa. Aliyezaliwa Januari, Februari au Machi anatoka na Desemba ya nyuma yake, kwa sababu hakuna anayetaka kutoka peke yake Jumanne fulani ya Februari, akiwa na mfuko wa nailoni, askari wa lango akiukagua. Hiyo ndiyo desturi yetu na sijawahi kuiona vibaya. Kampuni pia haikuwahi kuiona vibaya, maana inaokoa mishahara ya miezi hiyo.

Siku yangu walinipandisha. Syombua wa ukumbi wa kufuma, mnayemjua kwa sauti yake, ndiye aliyekuwa dalali.

"Kilo themanini na mbili," akatangaza. "Nani anaanza?"

"Robota lenyewe ni la zamani," mtu akapaza sauti. "Limetumika miaka thelathini na zaidi."

"Lakini halijapungua. Soma mizani."

"Mia tano."

"Mia tano unanunua mguu mmoja," nikawaambia kutoka juu. "Na usafiri juu yako."

Nilinunuliwa kwa elfu moja na mia mbili na soda, nikapewa blanketi la watu wawili. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya mbuzi. Hapo ndipo Bwana Mutiso, afisa wetu wa wafanyakazi, alipokuja na karatasi zake na kalamu.

"Mama Awino, saini hapa na hapa, penseni yako itoke mapema."

Nikamuuliza, "Kodi je? Nilisikia redioni kwamba sheria imebadilika, anayefika umri wa kustaafu hakatwi tena."

"Hukatwi. Wewe si umestaafu?"

"Lakini sitini natimiza Februari."

"Ni siku chache hizo, mama. Hakuna mtu atahesabu."

Nikamuuliza mara ya pili, Syombua akiwa ameshika blanketi langu kando yangu: "Bwana Mutiso, nikisaini leo, nitakatwa?"

"Hukatwi. Lakini ukichelewesha, utangoja mpaka wadhamini wa mfuko wakutane, na hiyo ni katikati ya mwaka."

Nilikuwa na sababu ya kutotaka kungoja. Huko mtaa wa Lucky Summer kuna duka dogo lenye chumba nyuma, la mama mmoja anayeitwa Mama Njeri. Nilikuwa nalinunua, na nimeshamlipa malipo ya kwanza, akiba yangu yote ya chama, ili nifungue duka la vipuri vya posho mill na cherehani; salio lilikuwa litoke kwenye penseni. Nilisaini. Yeye akaandika sababu ya kutoka: ameacha kazi kwa hiari.

Pesa ziliingia mwisho wa Januari. Nilizisoma kwenye simu, nikavaa miwani, nikazisoma tena. Kisha nikaenda ofisi ya mfuko mjini, jengo lenye lifti inayoongea.

Binti wa dawatini alikuwa na adabu. Aliangalia kompyuta yake akanieleza polepole. Kutoa pesa bila kukatwa kodi kuna njia chache. Uwe umefika umri wa kustaafu ulioandikwa kwenye kanuni za mfuko wako, na wetu ni sitini. Au uwe umeacha kazi kwa ugonjwa uliothibitishwa na daktari. Au uwe umekaa mwanachama miaka ishirini.

"Miaka ninayo," nikamwambia. "Nimepita thelathini."

"Kwenye huu mfuko uko na kumi na minne, mum."

"Lango ni lile lile."

"Mfuko ni mwingine."

"Na hizo wiki saba?"

Nadhani hakutaka kusema, lakini alisema. "Ungeacha tu pesa hapa. Kazi ungetoka Desemba kama ulivyotoka, hiyo haina shida. Fomu ya kutoa pesa ndiyo ungejaza Februari. Usingekatwa hata shilingi."

"Na wadhamini? Wasingekutana mpaka katikati ya mwaka?"

"Malipo ya kustaafu hayangoji mkutano. Tunalipa tu ndani ya wiki chache. Hiyo alikwambia nani?"

Nilikaa kwenye kiti kile mpaka akaniuliza kama nataka maji. Miaka yote nilikula mshahara kwa kuwangojesha watu. Niliweza kumaliza mchana mzima juu ya kreti kwa ajili ya beringi ambayo si yangu. Halafu ilipofika zamu ya pesa zangu mwenyewe, mtu mwenye kalamu aliniambia nifanye haraka, na nikafanya haraka. Nikauliza kama zinaweza kurudishwa mfukoni. Akasema kodi imeshapelekwa kwa watu wa kodi, na kwamba kwa rekodi zao hakuna kosa lolote: nilitoka kabla ya umri, kwa hiari, nikaomba pesa zangu, nikapewa.

Kabla sijainuka aliniambia neno lingine, kwa sauti ya chini, akidhani ananifariji. Sheria ilipobadilika, mfuko uliandikia kampuni zote barua, ukaziomba ziwaelezee wafanyakazi walio karibu na sitini. Yetu iliipokea. Iliyopokea ni ofisi ya Bwana Mutiso.

Tangu Februari nimepanda ngazi za ofisi yake mara nyingi kuliko nilivyopanda nikiwa mwajiriwa. Mara ya kwanza alikuwa mkutanoni. Mara ya pili aliniambia yeye si mtaalamu wa kodi. Nikamwambia siku ile ya mbuzi alikuwa mtaalamu. Akasema ni desturi ya wafanyakazi wenyewe kutoka Desemba, kampuni haikumlazimisha mtu.

"Desturi ni kutoka," nikamwambia. "Kusaini fomu ya pesa siku hiyo hiyo ni desturi ya nani?"

"Mama, usinifokee."

"Sijafoka. Nikifoka utasikia Syombua akizima mashine kule ukumbini ili anisikilize."

Nilienda kwa chama cha wafanyakazi. Wakaniambia si mwanachama tena, kwa sababu nimestaafu. Nikawaambia basi angalau ninyi mmekubali kwamba nimestaafu, niandikieni hivyo nipeleke kwa mfuko. Hawakuandika.

Mama Njeri naye amenivumilia kupita kiasi. Wanawe wanamwambia auze kwa mwingine. Nilikopa huku na huku, nikauza friji, nikapunguza pengo mpaka likabaki laki moja na tisini elfu. Wiki iliyopita alinipigia simu.

"Mama Awino, mimi nakupenda," akasema. "Lakini Ijumaa ijayo kama haijatimia, nauza. Na ile pesa ya kwanza unajua tulivyoandikiana."

"Najua. Inabaki kwako."

"Usinione mbaya."

"Sikuoni mbaya. Ningekuwa wewe ningeuza Machi."

Siku mbili baadaye nikarudi kwa Bwana Mutiso, na hapo nikafanya jambo ambalo Mzee Kariuki angenivua koti kwa ajili yake. Aliniuliza kwa sauti ya huruma, "Kwani umepungukiwa na ngapi, mama?" Nikamwambia. Yaani nilifungua kiondo, nikaondoa sukumawiki, nikamwonyesha chini.

Juzi aliniita. Safari hii nilipewa chai, na biskuti kwenye sahani. Akasema kampuni ina moyo, imekubali kunisaidia nusu ya kile nilichokatwa: laki moja, tisini na tatu elfu na mia mbili. Ijumaa asubuhi itakuwa kwenye simu yangu. Ninaziba pengo, nabaki na elfu tatu na mia mbili za rangi ya mlango. Bei ilikuwa imekatwa kwa vipimo vya mwili wangu kama suti.

"Ila kuna kabarua kadogo," akasema.

Kabarua kadogo nilikasoma, nikakarudia. Kanasema nilitoka kabla ya umri kwa hiari yangu na kwa desturi iliyoanzishwa na wafanyakazi. Kwamba hakuna afisa wa kampuni aliyenishauri lolote kuhusu kodi. Kwamba wafanyakazi wote tulijua sheria mpya. Na kwamba sina madai mengine.

"Hii ya 'wafanyakazi wote tulijua' inafanya nini hapa?" nikamuuliza. "Mimi nasaini kwa niaba yangu au ya kiwanda kizima?"

"Ni lugha tu ya wakili, mama."

"Iondoe basi, kama ni lugha tu."

Akanywa chai. "Siwezi kuondoa."

"Na nusu nyingine?"

"Mama Awino, hii si Kirinyaga Road."

"Ingekuwa Kirinyaga Road ningekuwa nimekaa."

Nikaomba kwenda na barua nyumbani. Iko mezani hapa, chini ya kikombe. Jioni ile nilimpigia Syombua, kwa sababu yeye alikuwa ameshika blanketi na alisikia maswali yangu yote mawili. Alikuwa sokoni kule Mukuru kwa Reuben, nikasikia anabishana na mtu wa nyanya.

"Nilisikia," akasema. "Alisema hukatwi. Nitasema popote, hata mbele ya jaji, mradi nisikose zamu."

"Na wewe unatoka lini?"

"Desemba hii. Sitini yangu ni Machi. Mutiso ameshaniambia nije na kalamu."

"Usisaini kitu."

"Nitasaini nini na wewe umeshanipigia? Lakini Barasa wa boila na Wairimu wa pindo nao wanatoka, na wale hawana simu wala mdomo wa kujibu ovyo kama mimi. Sasa niambie wewe. Hiyo barua utasaini?"

Nilimwambia mtandao unasumbua.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi nyote, na hii sehemu naomba isomwe kwa sauti kwenye ukumbi wa kufuma, chini ya mashine, na kule boila. Kupimwa pimweni. Kaeni kwenye mizani, kuleni mbuzi, chukueni blanketi. Karatasi ya kazi sainini kama mnataka. Lakini karatasi ya kutoa pesa za mfuko msiiguse mpaka mfike sitini, hata mtu akiwaambia mbingu zinafungwa katikati ya mwaka. Yeyote kati yenu anayetoka kwa ugonjwa aende kwa daktari kabla ya kwenda kwa Mutiso. Na mliokuwepo lango lilipopakwa kijani, hesabuni miaka yenu kuanzia rangi hiyo.

Hilo nimewapa bure. Sasa mimi ndiye ninayeomba.

Nikisaini, Ijumaa nina duka. Siku Barasa au Wairimu akikatwa, Mutiso atatoa barua yenye jina langu na kumwonyesha kwamba wote mlijua, Mama Awino mwenyewe amekiri. Nisiposaini, Mama Njeri anauza, malipo ya kwanza yanabaki kwake kwa haki yake, na mimi nabaki na kesi, shahidi mmoja mwenye sauti, na miaka sijui mingapi ya kungoja. Kungoja nakujua. Sijui kama bado nina umri wake.

Nimejadiliana bei maisha yangu yote kwa pesa za wengine na sikuwahi kushindwa kuona bei ya haki. Hii siioni. Barua inamtaja kila mmoja wenu, kwa hiyo si yangu peke yangu kuamua. Kaeni, mzungumze, mniambie nisaini au nisisaini. Mnipigie kabla ya Alhamisi jioni, na msinitumie ujumbe wa kunipa pole.